Mbwa wa Kutupwa na Boma la Kumpokea: Hesabu ya Mayoni

Barabara ya Mumias kwenda Bungoma inapita Mayoni, na pale sokoni mbwa hawakosekani: nyuma ya bucha, kandokando ya jaa, chini ya meza za wauza omena jioni. Wengine wana kwao, na giza likiingia hurudi. Wengine hawana pa kurudi. Hao ni watoto wa mbwa waliotiwa guniani wakaachwa pembezoni mwa shamba la miwa, majike waliofukuzwa kwa sababu ya kuzaa, au madume waliobaki wamekaa mlangoni baada ya mpangaji kuhama. Karibu wote ni machotara: masikio nusu wima, rangi ya udongo au madoa, damu ya mbwa wa kienyeji iliyochanganyika na ya mbwa wa kigeni aliyepita mtaani miaka iliyopita.

Swali linalojadiliwa hapa ni la vitendo. Je, boma la kawaida la Mayoni, lenye watoto, kuku, ng'ombe mmoja au wawili na shamba la mahindi, linaweza kumchukua mbwa wa namna hiyo na kumfuga vizuri? Itakuwaje akija na ugonjwa? Dini inasema nini? Gharama ataibeba nani? Na ikiwa inawezekana, mbona katika eneo ambalo watu wanatafuta mbwa wa ulinzi, mbwa wanaotafuta boma wanazidi kufa kando ya barabara?

Msimamo wangu ni huu: inawezekana, na chotara wa hapa anaifaa Mayoni kuliko mbwa wa kununuliwa kwa bei kubwa. Lakini huruma ya mtu mmoja mmoja haitoshi. Kinachohitajika ni utaratibu unaosimama kati ya mkono unaotupa na mkono unaopokea, na utaratibu huo unaweza kuanza bila kungoja jengo lolote.

Wanatoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba mbwa koko ni kizazi cha porini kinachojizalia vichakani. Ushahidi wa Kenya hauelekei huko. Uchunguzi wa Philip Kitala na wenzake huko Machakos, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa mbwa wanaozurura vijijini kwa kiasi kikubwa wana wenyewe. Shida ni kwamba wengi wao hawafungwi wala hawajachanjwa. Maisha yao pia ni mafupi: umri ambao mbwa alitarajiwa kuishi tangu azaliwe haukufika miaka 4. Kwa hiyo mbwa anayeonekana leo hana mwenye, kwa kawaida alikuwa naye hapo awali, au mama yake alikuwa naye. Tatizo linaanzia nyumbani.

Sababu ya kwanza ya kutupwa ni uzazi. Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na kwa mkupuo mmoja anaweza kuzaa watoto watano, sita au zaidi. Madume hupata wa kuwachukua haraka, kwa kuwa kila mtu anataka mlinzi asiyeleta mzigo. Watoto wa kike hubaki. Mwenye boma hujikuta na midomo ambayo hakuipangia, na gunia huonekana kuwa njia rahisi. Ndiyo maana ukitazama vizuri walioachwa wadogo, utakuta majike ni wengi. Wakisalimika, baada ya miezi michache nao wanazaa, na hesabu inaanza upya.

Sababu ya pili ni kipato. Eneo hili la Matungu na Mumias limeishi kwa miwa tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973. Kiwanda kilipoyumba, hadi mwaka 2019 kikawekwa mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikikidai, familia nyingi zilikuwa zimeshazoea msimu wa miwa usio na malipo. Nyumba inapopunguza sahani zake, wa kwanza kupunguziwa ni yule asiyeweza kulalamika. Mbwa asiyelishwa hujitafutia, na mbwa anayejitafutia huanza na mayai ya jirani, kisha kuku wa jirani. Akishakuwa mwizi, hana mtetezi hata kwao.

Sababu ya tatu ni kuhama. Nyumba za kupanga zimeongezeka katika vituo vya biashara, na mpangaji anayehamia Kakamega mjini au Nairobi hawezi kupanda matatu na mbwa. Humwachia jirani kwa maneno ya mdomo tu, na jirani naye hakuwa na nia.

Tutazame sasa upande wa wanaotaka mbwa. Mwaka 2019, Matungu ilishuhudia mauaji ya usiku ambayo polisi waliyahusisha na genge lililojiita 42 Brothers. Watu walivamiwa majumbani mwao, na hofu ilienea kutoka kijiji hadi kijiji. Wakati kama huo mbwa anayebweka kabla mtu hajafika mlangoni ana thamani ambayo kufuli haina. Basi pande zote mbili zipo hapa hapa, ndani ya mwendo wa boda boda: mbwa wasio na boma, na maboma yasiyo na mbwa. Hazikutani, na zikikutana hukutana vibaya. Mtu anaokota mtoto wa mbwa wa wiki nne barabarani, hajui ametoka wapi, hampeleki kwa daktari, na baada ya mwezi mmoja anamzika.

Je, chotara ana thamani?

Pana dharau ya muda mrefu inayosema mbwa wa kweli ni yule wa jamii inayojulikana, na huyu wa mtaani ni takataka. Wanaouza watoto wa mbwa kwa jina la "German shepherd" hutegemea dharau hiyo, na wanunuzi wengi hulipa bei ya jina kwa mbwa ambaye naye ni chotara.

Historia ya mbwa wa Afrika Mashariki inatufundisha vingine. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni za mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Waligundua kwamba mbwa wa Uganda, jirani zetu wa kuvuka mpaka wa Busia na Malaba, kwa sehemu kubwa wana asili ya Kiafrika ya tangu zamani. Hawakuwa mabaki ya mbwa wa Wazungu waliotoroka. Mbwa wa kienyeji ana ukoo wake mrefu, uliochujwa na jua, kupe na chakula haba. Chotara wa Mayoni amerithi sehemu ya ukoo huo.

Faida zake zinaonekana. Ana manyoya mafupi yanayoendana na joto la nyanda za Nzoia, mwili wa wastani usiohitaji sufuria nzima ya chakula, na silika ya kutambua mgeni. Mbwa wa jamii moja waliozalishwa kwa kufungiana ndugu kwa ndugu wana maradhi ya kurithi yanayojulikana, kama ulemavu wa nyonga unaowasumbua German shepherd. Mchanganyiko wa damu hupunguza uwezekano wa baadhi ya maradhi hayo.

Lakini lisemwe pia lisilopendeza. Uchotara hauzuii maambukizi. Parvo humwua mtoto wa chotara kwa kutapika na kuhara damu kama inavyomwua yeyote. Distempa haichagui, na kupe huambukiza damu ya wote. Katika ukanda huu wa mpaka, karibu na Busia, mbung'o pia huwaambukiza mbwa ugonjwa wa nagana. Mbwa wanaopandana ovyo huambukizana uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao ukiwahiwa hutibika kwa sindano. Anayesema "mbwa wa kienyeji haugui" amewaona waliosalimika tu. Wale waliokufa wakiwa wadogo hakuwahesabu.

Hofu iliyo na haki

Mzazi yeyote akisikia habari ya kumchukua mbwa wa barabarani huwaza kichaa cha mbwa, na ni haki yake. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Kisa cha kwanza cha binadamu kilirekodiwa mwaka 1928, katika bonde la Ziwa Viktoria, upande wetu huu wa nchi. Mpaka leo makadirio yanayotumiwa na serikali yanafikia vifo 2,000 vya watu kila mwaka nchini Kenya. Duniani vinakadiriwa kuwa 59,000, na takriban 99 kati ya kila visa 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Nguzo yake ni moja: kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka hadi mwaka. Siaya, inayopakana na kaunti yetu ya Kakamega, ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa kuanza. Kwa nini 70 itoshe? Utafiti wa Katie Hampson na wenzake katika Serengeti na Ngorongoro, Tanzania, ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani humwambukiza mbwa mmoja tu au zaidi kidogo, asifike wawili. Ugonjwa unaoenea kwa mwendo huo mdogo hufa ukikosa pa kupita. Chanjo ndiyo inayoziba njia.

Hapa pana kosa ambalo mamlaka nyingi zimelirudia. Kwa miaka mingi katika sehemu mbalimbali za Kenya, jawabu la mbwa wengi lilikuwa sumu ya striknini kwenye vipande vya nyama. Mbali na ukatili wa kifo chenyewe, njia hiyo haizai matunda. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, mbwa waliuawa kwa maelfu mengi, na kichaa kikabaki. Sababu inaeleweka: wakiuawa mbwa wa mtaa, chakula cha jaani kinabaki, wengine wanahamia au wanazaliwa, na wageni hao hawana chanjo. Pamoja na waliokufa wamezikwa pia waliokuwa wamechanjwa. Mbwa aliyechanjwa na kuhasiwa anayeishi bomani ni ukuta kwa watoto wa mtaa ule. Anayemwua amebomoa ukuta.

Kwa anayetaka kumchukua mbwa, hofu hii iongoze vitendo. Kichaa kinaweza kujificha mwilini mwa mbwa kwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya dalili. Kwa hiyo mbwa kuonekana mzima leo si uthibitisho. Mbwa asiyejulikana historia yake achanjwe mapema, mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Katika miezi ya mwanzo watoto wasiachiwe kucheza naye bila mtu mzima. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Mbwa mwenyewe afungwe na kuchunguzwa kwa siku 10 chini ya macho ya daktari wa mifugo, asiuawe na kutupwa kwa hasira, kwa maana hali yake katika siku hizo ndiyo itakayowaambia madaktari wa binadamu jambo la maana.

Msikiti, kanisa na uani

Mumias, mji wa Nabongo Mumia, umekuwa na Waislamu tangu enzi za misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, na maboma ya Kiislamu yameenea mpaka vijiji vya Matungu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba Mwislamu hana haki ya kufuga mbwa.

Mafundisho yenyewe ni mapana kuliko hivyo. Hadithi za Mtume zinamruhusu mtu kuwa na mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Tena ipo simulizi inayojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Kwa boma la Kiislamu la Mayoni, jambo hili lina utekelezaji ulio wazi: mbwa akae nje, awe na kibanda chake na chombo chake, asiingie panaposwaliwa, na anayemlisha ajue taratibu za kujitwaharisha. Mpangilio huo huo wa kumweka mbwa uani ndio unaofuatwa na karibu kila boma la Kikristo hapa. Dini haizuii kumhurumia mnyama. Inaweka mipaka ya namna ya kuishi naye, na anayetaka uhakika zaidi amwulize shekhe wake.

Kinachohitaji kubadilika zaidi ni mila ya kumwona mbwa kuwa kifaa. Anafungwa mnyororo mfupi mchana kutwa ili "awe mkali" usiku. Ukali wa namna hiyo ni woga uliogeuka kuwa hasira, na mbwa mwoga humng'ata mtoto wa nyumbani kama anavyomng'ata mwizi. Mlinzi mzuri ni mbwa anayewajua watu wake na kuwaamini, ndiyo sababu akamtambua asiyekuwa wao.

Gharama halisi

Chakula ndicho kinachotajwa kwanza. Boma linaloweza kupika ugali linaweza kumlisha chotara wa wastani, mradi lijue kwamba ugali peke yake haumtoshi. Omena kidogo iliyochemshwa na kuchanganywa na ugali humpa protini na madini ya mifupa. Mabaki ya bucha yanafaa yakipikwa. Matumbo na mapafu mabichi yasitolewe kabisa, kwa sababu humwambukiza mbwa minyoo ambayo mayai yake humrudia binadamu na kumletea uvimbe wa ini au mapafu, maradhi ambayo Turkana imeyajua kwa uchungu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Na jambo ambalo wakulima wa mahindi hulisahau: mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu huyatenga na kusema "hayo ni ya mbwa", yana sumu ya aflatoksini inayoharibu ini la mbwa upesi.

Baada ya chakula ni matibabu. Dawa ya minyoo inahitajika kila baada ya miezi mitatu hivi, na kwa watoto mara nyingi zaidi. Dawa ya kupe na viroboto hupatikana agroveti, lakini iulizwe kipimo cha mbwa: ile ya kuogeshea ng'ombe ikikorogwa kwa kukisia humdhuru. Chanjo ya kichaa hutolewa bure katika kampeni za serikali, ambazo mara nyingi hufanyika kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Gharama nzito ni moja, upasuaji wa kuhasi dume au kumfunga jike kizazi, na ndiyo hiyo inayokwepwa. Ndiyo pia inayoamua kama tendo hili la huruma lina mwisho mwema. Anayemchukua jike aliyetupwa bila kumfunga kizazi amechukua pia watoto ambao atawatupa yeye, au atamwachia mwingine awatupe.

Gharama ya tatu ni muda. Mtoto wa mbwa hujifunza watu na dunia hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake. Anayemwondoa kwa mama akiwa wa wiki nne humnyima maziwa na malezi, na anayemfungia peke yake hadi miezi mitano humlea mwoga. Mbwa mkubwa aliyeokolewa naye anahitaji subira. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mbwa mgeni vivyo hivyo: wiki za mwanzo akae ndani ya ua au kwenye kamba ndefu, alishwe saa zile zile na mtu yule yule, azoeshwe kuku akiwa ameshikwa, asipigwe kwa kutojua. Wengi wanaosema mbwa wa kuokota hatulii walimfungulia siku ya pili.

Kwa hesabu hiyo, wapo wasiopaswa kuchukua mbwa: nyumba isiyo na ua wala mtu mchana, mtu anayejua atahama baada ya miezi michache, na boma ambalo mama mwenye nyumba hataki, kwani kazi ya kulisha itamwangukia yeye. Kukataa mapema ni hisani kwa mbwa kuliko kumpokea na kumtupa mara ya pili.

Jengo au kazi?

Nchini Kenya, jina linalojulikana zaidi katika kuwapa makao wanyama walioachwa ni KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama chenye mizizi tangu mwaka 1910. Makao yake makuu yako Karen, Nairobi, na kina matawi Mombasa na Naivasha. Mbwa anayetoka hapo amechunguzwa, amechanjwa na amehasiwa, na anayemtaka huulizwa juu ya nyumba yake. Ni mfano mzuri, ila uko zaidi ya kilomita 350 kutoka Mayoni. Mkulima wa miwa hatasafiri hivyo kwa ajili ya mbwa, na wala haipasi, wakati mbwa wahitaji wako nyuma ya bucha yake.

Mfano ulio karibu nasi kwa hali ya maisha uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya alipofushwa na bomu alipokuwa na miaka 12 akilima shambani wakati wa vita. Alipokuwa shule ya bweni, mbwa wa pale walimsaidia kutembea usiku. Baadaye alianzisha mradi wa mbwa wa faraja, ndani ya shirika la BIG FIX Uganda, ambalo huendesha huduma za mifugo na kuhasi mbwa katika eneo hilo. Mbwa wa mitaani na wa vijijini hutibiwa, huchanjwa na kuhasiwa, kisha huunganishwa na watu wanaobeba majeraha ya vita, nao hufunzwa pamoja kwa miezi kadhaa na kuahidi kumtunza mbwa maisha yake yote. Watu hao ni wanakijiji, wengi wao maskini kama maskini yeyote wa Matungu. Gulu imejibu hoja inayosikika mara nyingi, kwamba kumchukua mbwa wa kutupwa ni anasa ya watu wa Karen.

Ukizichambua KSPCA na Gulu, utaona zinafanya kazi tano zile zile. Mbwa anapokelewa na mtu anayejulikana. Anatengwa siku za mwanzo na kuangaliwa. Anachanjwa, anatibiwa na kuhasiwa kabla ya kutolewa. Boma linalomtaka linapimwa. Na ikishindikana, pana mahali pa kumrudisha, ili asirudi barabarani. Kuta na mabati ni nyongeza. Kazi hizo tano ndizo roho ya mambo, na Mayoni ina watu wa kuzifanya.

Ina pia sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, na kutaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa na vifaa vya makao, matunzo na maziko ya wanyama. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, ikiwa ni pamoja na kumtelekeza katika hali itakayomletea mateso. Gunia kando ya miwa ni kosa la jinai, hata kama halijamfikisha mtu mahakamani.

Wapo watakaouliza: katika kaunti ya watu 1,867,579 kwa sensa ya 2019, yenye zahanati zinazokosa dawa, mbwa wana nafasi gani katika bajeti? Swali hilo linastahili jibu la heshima. Aliyeumwa na mbwa asiyejulikana anahitaji dozi kadhaa za chanjo kwa muda wa wiki kadhaa, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi hospitalini na siku za kazi zilizopotea. Chanjo ya mbwa mmoja ni sehemu ndogo mno ya gharama hiyo, na wanaoumwa zaidi ni watoto wa watu wasio na akiba. Fedha inayotumika kwa mbwa wa mtaa wa Mayoni ni fedha ya afya ya watoto wa Mayoni.

Pa kuanzia

Mambo manne yanaweza kufanywa kwa mpangilio huu. Kwanza, ofisi ya mifugo ya Matungu iteue siku za kudumu za kuchanja Mayoni, siku ya soko, watu wakiwa wengi, na itangazwe mapema kwenye baraza la chifu, misikitini na makanisani. Pili, kaunti igharimie upasuaji wa kuhasi kwa awamu, ikianza na majike, kwa kushirikiana na mashirika yenye madaktari wa kazi hiyo. Tatu, maboma machache ya kujitolea, yenye ua na watu wenye moyo, yasajiliwe kuwapokea mbwa walioachwa kwa muda, yapewe chakula na dawa, na wazee wa vijiji wajue yalipo. Nne, kila mbwa anayetolewa aandikwe: nani amemchukua, amechanjwa lini, na akishindikana atarudishwa kwa nani. Daftari moja katika ofisi ya naibu wa chifu linatosha.

Kwa mtu binafsi, hatua ni fupi zaidi. Usimwokote mbwa kwa huruma ya dakika moja. Kubalianeni nyumbani kwanza, tengeneza kibanda, ongea na daktari wa mifugo, kisha ukamchukue. Ukiweza, chukua jike, kwa kuwa ndiye anayeachwa zaidi, na aliyefungwa kizazi hulinda boma sawasawa na dume bila kuzurura. Kama una mbwa tayari anayezaa, wajibu wako unaanzia kwake kabla ya kufika kwa wale wa sokoni: mhasi, mchanje, na usiruhusu mtoto wake atoke mikononi mwako kabla ya wiki nane na bila mtu wa kumpokea. Mayoni haitapunguza mbwa wa kutupwa kwa kuwachukua tu. Itawapunguza pale anayechukua na anayefuga watakapokubali kwamba mbwa akishaingia bomani, yeye na kizazi chake ni dhamana ya boma hilo, na kaunti ikatimiza sehemu yake ambayo Katiba imekwisha kuiandika.